Deni Zetu, Makosa Yetu

Nyumbani kwetu sala ya Baba Yetu husaliwa kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Mimi ni Mlutheri wa Machame, mume wangu ni Mkatoliki wa Kibosho. Wanaoujua Uchagani hawahitaji maelezo zaidi. Mlima Kilimanjaro ni mmoja, lakini injili iliupanda kwa njia tofauti. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wameshaanza kazi Kilema, wakaingia Kibosho miaka hiyo hiyo. Tangu hapo, kule kwetu, dhehebu la mtu limefuata kihamba, yaani shamba la ukoo, alichozaliwa. Babu yangu na babu wa mume wangu wangeweza kukutana sokoni kila wiki, wakauziana mbuzi na kunywa mbege pamoja, na wasikae benchi moja la kanisa maisha yao yote.

Leo vitukuu wao wanalala chumba kimoja, Kimara. Binti yangu ana miaka 8, mdogo wake wa kiume ana 5. Usiku wakishakula na kuoga tunakaa kwenye mkeka katikati ya vitanda vyao na kuanza kwa sauti moja: Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe. Kwenye ufalme ndipo tunapoachana. Mimi na watoto tunasema "uje", baba yao anasema "ufike". Sisi tunasema "utupe leo riziki yetu", kama bibi yangu alivyotufundisha kutoka Mathayo 6, yeye anasema "utupe leo mkate wetu wa kila siku". Sisi "deni zetu", yeye "makosa yetu". Halafu tunakutana tena kwenye Amina.

Mwanzoni tulitaka kuchagua moja. Watu wengi walitushauri hivyo, wakisema watoto watachanganyikiwa. Hatukuweza. Kila mmoja wetu aliijua ile ya kwao kwa mdomo kabla hajaijua kwa akili, na mdomo haukubali kuhamishwa ukubwani. Basi tukaiacha hivyo, na siku hizi naona ni katika mambo mema yaliyoipata nyumba hii, kwa sababu pale maneno yanapotofautiana ndipo watoto wanapouliza.

Swali la kwanza lilikuja kutoka kwa mdogo, akiwa bado hajatimiza miaka minne. Alinyamaza katikati ya sala, akanigeukia: "Mama, Mungu anatudai shilingi ngapi?"

Nililijua lilikotoka. Mtaani kwetu, kama mitaa yote ya Dar, kuna duka la Mangi. Mwisho wa mwezi mambo yakibana tunachukua unga na mafuta kwa mkopo, na Mangi anaandika. Ana daftari kubwa lenye jalada gumu, pembe zimeliwa, na kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi kwenye nondo za dirisha isije ikaondoka na mteja. Kijana wangu anapenda kubebwa aone ukurasa wetu. Anaona mistari inavyoongezeka, na siku ya kulipa anaona Mangi akipiga mstari mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini. Kwa hiyo neno "deni" kwake lina harufu ya sabuni ya mche na mafuta ya taa, na lina ukurasa wenye jina letu.

Sikuwa na jibu tayari. Nilimwambia tulale kwanza. Kesho yake nikiwa jikoni nikakumbuka maneno ya Paulo kwa Wakolosai, ile "hati iliyoandikwa ya kutushitaki" ambayo Kristo aliifuta akaigongomea msalabani. Nimeusikia mstari huo tangu utotoni na sikuwahi kuuona, kumbe Paulo naye alikuwa anasema habari za daftari. Jioni nikamwambia mwanangu kwamba Mungu naye ana ukurasa wetu, na umejaa. Tunapomchapa mwenzetu, tunaposema uongo, tunaponyima, vinaandikwa, na hatuna fedha ya kuvilipa. Yesu akaja akapiga mstari kutoka juu mpaka chini. Akafikiri kidogo, akauliza: "Kwa kalamu ya bluu?" Nikamwambia alitumia misumari. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimejifundisha mwenyewe.

Riziki na mkate vilikuja baadaye, na hapo aliyeuliza ni dada yake. Anataka kila kitu kiwe na jibu moja sahihi kama mtihani wa hesabu. Ipi ni ya kweli? Baba yake akamjibu kwamba neno lililoandikwa kwenye Biblia ya Kigiriki ni mkate. Mimi nikaleta Katekisimu Ndogo ya Luther, ile tuliyoikariri kwa ajili ya kipaimara. Luther anauliza mkate wa kila siku maana yake nini, kisha anataja chakula, kinywaji, nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, serikali njema, hali njema ya hewa, afya, marafiki wema na majirani waaminifu. Binti yangu akasema, "Kumbe alitaka kusema riziki." Nimefundishwa katekisimu miaka miwili nikiwa msichana na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Lugha yetu ilikuwa na neno moja linalobeba orodha nzima, na waliotafsiri wakalitumia. Baba yake alicheka, akakubali, na usiku ule bado akasema mkate.

Naipenda katekisimu hiyo zaidi sasa kuliko nilipokuwa nalazimishwa kuikariri, kwa sababu nimejua iliandikiwa nani. Mwaka 1528 Luther alizunguka makanisa ya Saksonia akakuta watu wa vijijini hawajui hata Baba Yetu, na wachungaji wengi hawawezi kufundisha. Mwaka uliofuata akatoa kitabu hicho, na juu ya kila sehemu akaandika kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Kilikusudiwa mezani na kitandani. Sisi tumekipeleka darasani, tukakiwekea mtihani, na nyumbani tukabaki na televisheni.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana nalisikia kila mahali: "Hayo watafundishwa Sunday school." Nawaheshimu sana walimu wa Sunday school. Wanafundisha bure, watoto sitini chini ya mwembe, wengine wananyonya vidole na wengine wanagombana. Lakini ni saa moja kwa wiki. Watoto wa jirani yetu Mwislamu wanatoka kila alasiri na juzuu zao kifuani kwenda madrasa, na wakirudi mama yao anawasikiliza barazani huku akisuka ukili. Sijawahi kumsikia akisema kazi hiyo ni ya ustadhi peke yake. Namtazama na kujiuliza ni lini sisi tulianza kuona aibu kuwakaririsha watoto wetu maneno ya Mungu.

Bibi yangu hakuwa na kipindi cha kufundisha. Alikuwa na tabia ya kuanza mstari na kuuacha. Akiwa amepiga magoti mbele ya mafiga, macho yamemjaa moshi, anasema, "Bwana ndiye mchungaji wangu," halafu anapuliza moto kama hajasema kitu. Sisi wajukuu popote tulipo, anayemenya ndizi na anayechota maji, tunamalizia: "Sitapungukiwa na kitu." Akinyamaza tunajua anangoja malisho ya majani mabichi. Kule kwetu ng'ombe hachungwi, anafungwa bandani na majani anakatiwa na kubebewa kichwani kutoka mbali. Kwa hiyo mimi nilipokuwa mdogo, "hunilaza" nilikuelewa kama bibi anavyomtandikia ng'ombe wake majani makavu jioni, akimpapasa shingo na kumsemesha kwa jina. Nimekuja kuona wachungaji wa kweli na makundi ya mifugo nikiwa mtu mzima, huko Monduli. Bado nikisikia Zaburi ya 23 naliona banda la bibi. Sidhani Mungu ana tatizo na hilo.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema mtoto asikaririshwe asichokielewa. Mbona tunamfundisha shikamoo kabla hajui heshima ni nini? Neno likikaa mapema linangoja maana yake. Kila mwaka mwishoni mwa Septemba, kwenye Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, tunaona watoto wadogo wamesimama mbele ya madhabahu na gauni zao mpya, wanasema mstari mmoja kwa sauti ya kutetemeka na kukimbia kwa mama zao. Mwaka jana wa kwangu alipewa "Yesu akalia machozi". Watu walitabasamu kwa sababu ni mfupi. Mwaka haukuisha kabla hatujauhitaji.

Kumbukumbu la Torati 6 inasema maneno haya uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo, na uondokapo. Kwetu kuondoka ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi la shule likipiga honi getini na soksi moja haionekani. Sitawadanganya kwamba tunafanya ibada saa hiyo. Namwekea kila mmoja mkono kichwani, nasema "Bwana akubariki na kukulinda", wanapanda. Njiani ni foleni. Ibada ndefu tunazifanya umeme ukikatika, maana hapo hakuna mwenye haraka na hakuna skrini inayowaka, na hadithi ya Danieli kwenye tundu la simba inasikika vizuri zaidi gizani.

Kuna kosa nililofanya ambalo sitaki mzazi mwingine alirudie. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alikuwa analamba sukari kwa siri. Nikamwambia, kama nilivyoambiwa mimi, "Hata nisipokuona, Mungu anakuona." Sukari ikapona. Wiki chache baadaye nikagundua kwamba kila usiku, joto lote lile la Dar, anavuta pazia mpaka lishikane na kujifunika shuka gubigubi. Nilipombembeleza akasema hataki Mungu amwone. Nililia kule jikoni. Nilikuwa nimechukua jambo ambalo mtunga zaburi analisema kwa kustaajabu, nikalifanya fimbo, na mtoto wangu akawa anajificha na Mungu kama Adamu kwenye miti ya bustani.

Ilinichukua miezi kulirekebisha. Nilimsimulia Hajiri, dada wa kazi aliyenyanyaswa akakimbilia jangwani na mimba yake, ambaye hakuna aliyemtafuta. Malaika akamkuta kwenye chemchemi, na Hajiri akamwita Bwana, "Wewe U Mungu uonaye." Nilimsimulia tena na tena. Nikamwambia kuonwa na Mungu ni kama usiku unapoota ndoto mbaya, unafumbua macho na kukuta mama amekaa pembeni, alikuwa anakutazama muda wote. Siku moja nikaingia kumfunika, nikakuta pazia liko wazi. Tangu hapo sijamtumia Mungu kunyamazisha mtoto. Mtoto akikosa namwadhibu mimi, kwa jina langu.

Sasa nije kwenye usiku ninaoukumbuka zaidi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amenikopa shilingi 400,000 za kuongezea mtaji wa mitumba. Alisema mwezi mmoja. Ikawa mitatu, na simu akaanza kutoipokea. Jioni moja akapokea. Nilikuwa nachambua mchele, ungo magotini, simu nimeibana kwa bega, na nikamwambia maneno. Nilimwambia hana aibu. Nilimwambia asihesabu kwamba ana dada. Nilitaja hata mambo ya utotoni ambayo hayahusiani na fedha. Watoto walikuwa barazani wanacheza, na mimi nikajua, kama mzazi yeyote anavyojua, kwamba kimya kile cha ghafla kule nje ni masikio.

Usiku tukakaa kwenye mkeka. Tukafika "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Binti yangu akaacha kusali.

"Mama, mama mdogo ni mdeni wetu?"

Nikasema ndiyo.

"Tumeshamsamehe?"

Kila neno nililowahi kumfundisha lilikuwa limerudi na kukaa mbele yangu kwenye mkeka ule. Ningeweza kumwambia kwamba deni hapa maana yake ni makosa, fedha ni jambo lingine. Ningeweza kujificha kwenye sala ya baba yake. Yeye alikuwa amenyamaza, hakunitetea wala hakunishtaki, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo. Nikasema, "Bado, mwanangu." Akaniuliza kama basi tuiruke hiyo sehemu. Nikamwambia tusiiruke, ila mimi leo siwezi kuisema, waiseme wao. Wakaisema, yeye na mdogo wake, na mimi nikasikiliza.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimpigia mdogo wangu, nikamwomba radhi kwa maneno yale. Alilia. Kumbe mzigo wake wa mitumba ulikuwa umetoka mbovu, nguo nyingi hazikuuzika, na alikuwa anaogopa kuniambia. Fedha sikumfutia zote. Nilikuwa nazihitaji kwa ada, na sioni kama ni uungwana kujifanya tajiri. Tukagawana, nusu nikaifuta, nusu atalipa kidogo kidogo. Jioni nikawaeleza watoto vile vile ilivyokuwa. Mdogo akauliza, "Kwa hiyo tumemsamehe kidogo?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba nyingine bado naiomba.

Baadhi ya watu niliowasimulia wanasema nilijivunjia heshima mbele ya watoto. Sikubaliani nao. Mama anayesema "bado" na kesho yake akapiga simu ana heshima kuliko mama anayeisali sala nzima bila kutikisika huku mdogo wake hapokelewi nyumbani. Watoto wanaliona hilo. Timotheo alirithi imani kutoka kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Paulo anapoitaja anaiita imani "isiyo na unafiki". Angeweza kuichagulia sifa nyingine, akachagua hiyo.

Novemba hiyo babu yao wa Kibosho akafariki. Tulisafiri usiku, tukafika alfajiri, mvua za vuli zimelainisha njia mpaka gari likaachwa barabarani. Kila jioni ya msiba ule watu walikaa chini ya migomba wakasali rozari, na watoto wangu wa Kilutheri, ambao nyumbani huisikia kwa baba yao tu, ndani ya siku mbili wakawa wanaitikia kama waliozaliwa nayo: raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.

Shangazi mmoja kwa huruma alimwambia kijana wangu, "Usilie, babu amelala tu." Siku ya tatu babu akashushwa kaburini pale pale kihambani, udongo ukarudishwa. Usiku ule mtoto alikataa kulala. Alikaa kitandani macho yamemtoka, na nilipombana sana akaniuliza, "Nikilala mtanizika?"

Nikambeba tukakaa kizingitini. Nikamwambia kwamba babu hakulala, babu amekufa, mwili wake haupumui tena wala hausikii baridi. Nilikuwa natetemeka kusema hivyo kwa mtoto wa miaka mitano. Lakini nilikuwa nimeikumbuka Yohana 11, na katika miaka yote ya kuisoma sikuwahi kuona kwamba wanafunzi nao walikwama pale pale. Yesu aliwaambia rafiki yetu Lazaro amelala, wakajibu kwamba ikiwa amelala, atapona. "Basi hapo Yesu akawaambia waziwazi, Lazaro amekufa." Aliwaambia waziwazi kwanza, kisha ndipo akaenda nao kaburini. Nikamsimulia yote, Martha, Mariamu, jiwe, mpaka Lazaro anavyotoka na sanda. Nikamuuliza Yesu alifanya nini kabla ya kumwita. Akaujua, ulikuwa mstari wake: Yesu akalia machozi. Tukalia kidogo pamoja.

Luther alipotoa katekisimu yake haukuwa umetimia mwaka tangu amzike binti yake Elisabeth, mtoto wa miezi minane. Humo aliweka sala ya jioni ya kuikabidhi nafsi na mwili mikononi mwa Mungu, na kuomba malaika wake mtakatifu awe karibu, kisha akaongeza agizo fupi: ulale mara moja, kwa furaha. Zamani nilidhani aliliandika mtu asiyejua usiku ulivyo. Pale kizingitini nilimsomea mwanangu sala hiyo kwenye simu, mwanga umepunguzwa. Hakulala mara moja. Alilala karibu na alfajiri, kichwa mapajani kwangu, jogoo wameshaanza kuwika.

Tulirudi Dar Jumapili. Jumatatu usiku tukakaa kwenye mkeka, na kabla hatujaanza, kijana akainua mkono kama yuko darasani. "Leo tusali ya babu."

Tukaisali ya babu, sote wanne. Ufalme wako ufike, utakalo lifanyike. Mkate wetu wa kila siku. Baba yao sauti ilimkatika kwenye "makosa yetu", binti akaendelea kwa niaba yake. Mimi mwishoni mdomo ukaniponyoka, nikasema "utuokoe na yule mwovu".

"Utuopoe maovuni, mama," akanisahihisha.

Nikarudia.